Laptopu kubwa au ndogo? Mimi nilianza kwa kukosea

Nimekuwa kimya muda mrefu na wengine mmeniuliza nimepotelea wapi. Nilikuwa hospitali. Mgonjwa si mimi, ni mamangu, na bado tunaendelea kwenda, lakini sasa nimepata nafasi ya kuandika.

Swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: nichukue laptopu ndogo ya kubebeka, au kubwa yenye kila kitu? Zamani nilikuwa nikilijibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Chukua kubwa! RAM nyingi, prosesa ya nguvu, skrini pana, mengine ni mbwembwe. Leo jibu langu limekuwa refu, na limenigharimu shilingi 17,000 pamoja na kitu kingine ambacho nitakieleza huko mbele.

Kwanza niwaambie chuki yangu dhidi ya kompyuta ndogo ilitoka wapi. Mwaka 2009 nilikuwa darasa la tano. Mjomba alirudi kutoka Dubai na Acer Aspire One ya rangi ya buluu, inang'aa kama gari jipya. Skrini ya inchi 8.9, prosesa ya Intel Atom ya gigahezi 1.6, RAM ya gigabaiti moja, Windows XP. Watoto wote wa mtaa tulilazimishwa kunawa mikono kabla ya kuigusa. Mimi nilikuwa naamini hiyo ndiyo kompyuta bora duniani, mpaka mjomba aliponiruhusu kuweka programu moja ya mahesabu ya duka. Dirisha likafunguka, likauliza maswali yake, na kitufe cha kukubali hakionekani. Skrini ilikuwa na vistari 600 tu kwenda chini, na waliotengeneza ile programu hawakuwahi kufikiria kuna skrini fupi kiasi hicho. Kitufe kilikuwa kimezama chini ya ukingo. Nilijifunza kubonyeza Tab mara nne halafu Enter, gizagiza, kama mtu anayetafuta swichi ukutani usiku. (Nikiulizwa nilianza lini kupenda programu, huwa nasema hapo. Nilitaka kujua ni nani aliyekificha kile kitufe.)

Mjomba aliiuza kabla mwaka haujaisha. Alikuwa amenunua kompyuta ya kuendeshea duka, akapewa kompyuta ya kusomea barua pepe.

Wenye umri wangu wengi hawaikumbuki sana ile enzi, kwa hiyo niieleze kidogo. Asus walitoa Eee PC ya kwanza Oktoba 2007: inchi 7, RAM megabaiti 512, hifadhi ya gigabaiti 4, uzito chini ya kilo moja, na ndani yake Linux. Wazo lilikuwa zuri, mashine rahisi ya kubeba na ya bei nafuu kwa mambo madogo. Ikauzika vibaya sana, maana yake ikauzika mno. Mwaka 2008 Intel wakatoa Atom, na kila kampuni ikatoa netibuku yake. Halafu wanunuzi wakataka Windows. Microsoft wakairuhusu XP iendelee kuuzwa kwenye vimashine hivyo kwa masharti, mojawapo likiwa RAM isizidi gigabaiti moja. Windows 7 ilipokuja mwaka huo wa 2009, netibuku nyingi zikapewa toleo la Starter, ambalo halikukuruhusu hata kubadilisha picha ya nyuma ya skrini. Fikiria, umenunua nyumba kisha unaambiwa usipake rangi! Mwaka 2010 ikaja iPad, na kufikia mwanzo wa 2013 Asus na Acer wote wawili walikuwa wameacha kutengeneza netibuku.

Mimi nikabaki na somo moja kichwani: ndogo ni dhaifu. Nilipoingia chuo kikuu kusoma sayansi ya kompyuta nilinunua laptopu ya inchi 15.6, nikaiongezea RAM hadi gigabaiti 16, na nikaitumia mpaka baada ya kuhitimu. Kazi yangu ni kuandika programu za simu za Android, kwa mikataba. Anayeijua kazi hii anajua njaa yake. Ukifungua Android Studio, ukawasha emuleta, ukaacha Gradle ijenge, na kivinjari kina kurasa zako kumi za kutafutia majibu, gigabaiti 16 zinaisha na kompyuta inaanza kuhema.

Februari 2025 mamangu alianza kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimechoka kwa presha ya miaka mingi, na sisi tulikuwa tukidhani ni uchovu wa kuamka alfajiri kukaanga mahamri. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, saa nne kwenye mashine. Sisi tunakaa Likoni na hospitali iko kisiwani. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri tunatoka, tunavuka kwa feri, tunachukua tuktuk, na saa moja na nusu mashine inawashwa. Ukihesabu na kungojea, tunarudi nyumbani mchana umekwisha. Siku mbili kati ya tano za kazi zimekwenda, na mimi ndiye ninayelipa nauli, dawa na kodi. Kuacha kazi siwezi. Kumwacha mamangu aende peke yake pia siwezi. Basi ikabidi kazi ije na mimi.

Wiki ya pili tu, kwenye mteremko wa feri, watu wakisukumana kama kawaida, begi langu likakatika mkanda. Laptopu yangu ya chuo ikaanguka kwa pembe. Bawaba ikavunjika na skrini ikapasuka katikati. Niliifungua nikiwa palepale kwenye feri, ikawaka taa zake zote lakini skrini nyeusi tititi. Mamangu akasema, "Pole baba." Sikumjibu vizuri siku ile.

Nilikuwa na akiba ya shilingi 70,000. Nikaenda duka moja karibu na Barabara ya Digo, wanauza laptopu zilizotumika ofisini Uingereza, hizi ambazo sote tunaziita eks-yuke. Kijana wa duka akaweka mbili mezani. Ya kwanza ThinkPad X270 ya mwaka 2017, inchi 12.5, shilingi 28,000. Ya pili ThinkPad P51, pia ya 2017, inchi 15.6, prosesa ya i7 yenye kori nne, RAM gigabaiti 32, shilingi 62,000. Hii P51 ina nafasi nne za RAM na unaweza kufika gigabaiti 64. Nilishika kibodi yake nikasahau kila kitu. Sikumwambia kijana kuhusu feri, tuktuk, wala kile kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Aliniuliza, "Unafanyia nini?" Nikasema, "Programu." Akaisukuma kubwa mbele yangu. Hana kosa, alijibu swali nililompa.

Miaka minne nilisomeshwa hesabu za muda wa algoriti, na hakuna siku niliyoambiwa nipime kompyuta kwa kilo. P51 ina kilo 2.5 yenyewe. Chaja yake ni ya wati 170, kitofali hasa. Zote pamoja zinazidi kilo 3. Unaweza kucheka, kilo tatu ni kitu gani? Mimi nilicheka pia. Lakini mkono mmoja unamshika mama anayetembea polepole, mwingine umebeba kikapu chenye kanga, dawa na uji wake, na mgongoni kuna hiyo. Kwenye feri huwezi kuliweka begi chini, kwa sababu ya maji na kwa sababu ya watu. Unalivalia mbele kifuani kama mama aliyebeba mtoto, ukilikumbatia.

Hata hivyo ilikuwa na raha zake, nisiidhulumu. Nikiwa nyumbani usiku, programu iliyokuwa ikijengwa kwa dakika tatu sasa ilichukua chini ya moja. Emuleta iliwaka kama simu halisi. Wiki mbili za kwanza nilijiona mhandisi hasa.

Tatizo lilikuwa umeme. Ndani ya chumba cha kusafishia damu soketi zipo nyingi, lakini ni za mashine za wagonjwa. Nilimuuliza sista mara moja kama naweza kuchomeka. Akanitazama, akatazama mashine ya mamangu, akanitazama tena. Sikuuliza mara ya pili, na hakuwa na haja ya kunijibu.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponunua gizani. Betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya P51 yangu ilipokuwa mpya ilikuwa ya wati-saa 90. Nilipokuja kuipima baadaye ilibakiwa na 51. Prosesa yake ni ya familia ya wati 45, tofauti na zile za laptopu nyembamba ambazo ni za wati 15. Nikiandika tu, skrini ikiwa imefifishwa, mashine nzima ilikula wati kama 18. Gawanya 51 kwa 18, hufiki saa tatu. Ikianza kujenga programu inaruka juu ya wati 60, na hapo unahesabu dakika. Nami nahitaji saa nne kitandani, pamoja na saa za kungojea. Hesabu hii ningeifanya dukani kwa dakika mbili. Sikuifanya.

Ijumaa moja ya Aprili, saa tatu na nusu asubuhi, simu ikalia. Mteja wangu ni kampuni ndogo inayosambaza maji ya kunywa, na programu niliyowatengenezea ndiyo inayopokea oda za waendeshaji bodaboda wao. Walikuwa wamewagawia vijana simu mpya, na oda zote kutoka simu hizo zilikuwa zinakataliwa. Hakuna maji yanayotoka. Dakika kumi za kusoma kumbukumbu za seva nikaliona kosa, na lilikuwa langu. Simu zilitoka Saudia, lugha bado ni Kiarabu. Mimi nilikuwa nimeiachia programu iandike tarehe kwa lugha ya simu yenyewe, kwa hiyo badala ya 2025 ilituma ٢٠٢٥, na seva haikuelewa tarakimu hizo. Dawa yake ni neno moja tu kwenye msimbo, kuweka Locale.US pale tarehe inapoandikwa. Nikaliandika, nikaamuru toleo jipya lijengwe.

Betri ilikuwa inasema asilimia 31. Feni ikaanza kunguruma, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa. Ilipofika asilimia 22, skrini ikazimika. Nilidhani nimebonyeza kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa: betri iliyochoka, ukiivuta kwa nguvu ghafla, volti zake huporomoka na kompyuta hukatika hata kama kipimo kinasema bado chakula kipo.

Nikamwambia mamangu, "Nakuja sasa hivi." Nikavuka barabara hadi hoteli moja ya chai, nikaagiza chai ambayo sikuinywa, nikachomeka kile kitofali changu. Kujenga, kutia sahihi, kumtumia msimamizi wao kwenye WhatsApp, kumngoja aweke kwenye simu ya kwanza na kuniambia imekubali. Dakika arubaini na kitu.

Niliporudi kitanda cha mamangu kilikuwa kimelazwa chini upande wa kichwa na miguu imeinuliwa. Presha ilikuwa imeshuka akiwa kwenye mashine. Hutokea, tulikuwa tumeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba hutokea, na masista waliishughulikia mara moja. Lakini walikuwa wamemwita mtu wake, na mtu wake hakuwepo. Aliyekuwa amemshika mkono ni binti wa yule mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu ambaye hata jina lake sikuwa nimemuuliza. Mamangu alikuwa na jasho usoni. Akaniuliza, "Maji ya watu yametoka?" Nikasema yametoka. Akafumba macho.

Saa sita mchana, tuko kwenye tuktuk, ndipo liliponijia wazo kwamba ningeweza kumwambia yule msimamizi abadilishe lugha ya simu iwe Kiingereza kwa siku moja, nami nikarekebisha programu jioni nyumbani. Sentensi moja ya simu. Lakini mtu mwenye nyundo kubwa mkononi hawazi hivyo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa fundi wangu, mzee mmoja ninayemwita Ami, nikiwa na ile laptopu ya chuo iliyokuwa imelala chini ya kitanda. Nilitaka kuiuza kama spea nipate chochote. Ami akaichomeka kwenye televisheni yake ndogo, picha ikatokea safi. Akacheka. "Mwanangu, hii haijafa. Imepofuka tu."

Njiani kurudi nyumbani nikaanza kupanga. Mimi nilikuwa natafuta mashine moja ifanye kazi mbili zinazopingana: ijenge programu kwa nguvu, na ikae pajani saa tano bila umeme. Nguvu nilikuwa nazo tayari, zimelala chini ya kitanda na kori nne na gigabaiti 16. Nilichokosa ni dirisha la kuzichungulia nikiwa mbali.

Nikarudi dukani. Baada ya wiki tano tu, P51 yangu ya 62,000 ikahesabiwa 45,000. Hiyo ndiyo ile 17,000 niliyowatajia. Safari hii nilikwenda na Ubuntu kwenye flashi na nikamwambia kijana simwamini mtu. Ukiwasha X270 kwa flashi, andika upower -d kwenye terminali: itakuonyesha uwezo wa betri ulipotoka kiwandani na uwezo uliobaki leo. X270 ina betri mbili, moja ya ndani ya wati-saa kama 23, na moja ya nje unayoweza kuibandua wakati kompyuta inaendelea kuwaka, kwa sababu ile ya ndani inashika zamu. Ya nje aliyonipa kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili pia. Kwa 6,500 zaidi tukapata ile ya nje kubwa ya wati-saa 72, imebakiwa na 61, pamoja na kijiti cha RAM cha gigabaiti 16 (ina nafasi moja tu ya RAM, kwa hiyo usidanganywe kwamba utaongeza pembeni). Nikarudi Likoni na X270, betri, RAM, na 10,500 mfukoni.

Hesabu yake: betri mbili zinanipa wati-saa 80 hivi. Nikiandika inakula wati 7 hadi 8. Gawanya mwenyewe. Inaanza na mamangu alfajiri na inarudi nyumbani bado ina robo. Na inachajiwa pia kwa waya wa USB-C, kwa hiyo chaja yangu ya simu yenye wati 65 inatosha zote mbili.

Ile kipofu nimeiweka juu ya kabati nyumbani, haina skrini kabisa, nimeing'oa. Inawaka mchana na usiku na Debian. Ila kuifikia kutoka nje kulinisumbua. Intaneti yetu ya nyumbani haina anwani yake ya wazi, tunachangia moja na wateja wengine, kwa hiyo huwezi kuipigia moja kwa moja kutoka nje. Nikakodi kiseva kidogo Ujerumani, mashine zangu zote mbili zikaunganishwa nacho kwa WireGuard. Ikafanya kazi, lakini kila herufi ninayoandika ilichelewa. Nilipopima nikacheka peke yangu. Herufi inatoka hospitalini, inashuka baharini kwa nyaya zinazoanzia hapahapa Mombasa, inakwenda Ulaya, inageuza, inarudi kwa njia ileile hadi Likoni, ng'ambo tu ya maji. Kisha jibu linafunga safari hiyohiyo. Feri ingekuwa fupi zaidi! Dawa niliyoipata ni mosh, programu iliyotoka mwaka 2012, ambayo inakuonyesha herufi kwenye skrini yako kwanza kisha inaisubiri seva ithibitishe. Na ndani yake naweka tmux, ili mtandao ukikatika tukiwa katikati ya maji, kazi inaendelea kule kabatini na mimi nikifika ng'ambo naikuta ilipofika.

Emuleta nimeiacha kabisa. Najenga kule nyumbani, nakokota faili lililokamilika, megabaiti 18 hivi, naliweka kwenye simu yangu ya Tecno kwa waya. Kusema kweli simu halisi ya bei ya chini inanionyesha makosa ambayo emuleta haikuwahi kunionyesha, kwa sababu wateja wangu hawatumii emuleta.

Sasa ubaya wake, maana sitaki mtu anunue kwa kusoma hadithi ya mgonjwa. Skrini ya X270 niliyoipata ni ya vistari 768 kwenda chini, na baada ya saa tatu macho yanalalamika. Kusoma faili mbili pamoja ni shida, unabaki kurukaruka. Kori ni mbili tu. Usiku mmoja wa Julai stima ilipotea mtaani kwetu, ile kipofu ikajikimu kwa betri yake kama nusu saa kisha ikalala, na mimi nilikuwa na toleo la kukabidhi asubuhi. Nikajenga kwenye X270 yenyewe: dakika kumi na moja, ikiwa moto hadi nikaiweka juu ya sahani ya bati. Iliweza, lakini kama kila siku yangu ingekuwa hivyo ningekuwa nimeitupa. (Na ruta nayo inahitaji betri yake ndogo. Nilisahau, nikajifunza.)

Najua mtaniuliza, mbona usichukue T480? Iko katikati: inchi 14, kori nne, nafasi mbili za RAM, nayo ina betri mbili na ya nje inabanduka. Ni swali zuri. Kama ningekuwa na mashine moja tu, bila ile kipofu, ningechukua hiyo na nisingeandika haya yote. Mwanafunzi wa programu mwenye shilingi 35,000 au 40,000, anza kutafuta hapo.

Ila kuna ndogo za kukimbia. Ukiingia duka kubwa utaona laptopu mpya kabisa, nyembamba, inang'aa, Celeron ya N4020, RAM gigabaiti 4 zilizochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya eMMC gigabaiti 64. Bei yake inakaribiana na X270 iliyotumika. Huyo ndiye mjukuu wa netibuku ya mjomba. Windows ikijisasisha mara mbili tatu nafasi imekwisha, na RAM huwezi kuongeza. Eti mpya! Afadhali mzee wa ofisi wa mwaka 2017. Tangu Windows 10 iachwe kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025, mashine kama X270 haziko kwenye orodha ya Windows 11, kwa hiyo kama hutaki Linux zingatia hilo kabla ya kutoa pesa. Kama unaitaka Linux, una nafasi nzuri ya kubembeleza bei.

P51 bado naiota, nisiwadanganye. Siku moja nilipita lile duka nikaiona, au ndugu yake, imewekwa dirishani. Nilisimama kidogo.

Yule binti wa kitanda cha pili sasa namjua jina. Tunapokezana: yeye akitoka kununua chai namwangalia babake, nikihitaji kupokea simu nje anamwangalia mamangu. Juzi mamangu, ambaye haruhusiwi kunywa maji mengi na hujipoza kiu kwa kipande cha barafu, aliigusa X270 kwa kidole akasema hii sasa imekaa kama daftari, ile nyingine ilikuwa kama sanduku la safari, kila nikiiona nadhani unaondoka.

Kesho ni Ijumaa. Betri zote mbili ziko kwenye chaja. Ile ya nje imeshuka hadi wati-saa 54, kwa hiyo kama kuna anayejua panapouzwa ya asili ya 72 hapa Mombasa, si zile za bandia zinazovimba, tafadhali aniambie.